Sauti Inayokufa Alfajiri

Afande alikuwa chini ya meza akitafuta skrubu alipoona viatu vyeupe vimesimama mlangoni. Havikuwa viatu vya mteja wa mtaa ule. Vilikuwa vimesuguliwa mpaka vinang'aa, na soksi juu yake zilikuwa zimevutwa sawasawa, hakuna hata mkunjo mmoja.

"Humu kuna mtu, au mashine zinajitengeneza zenyewe?"

"Kuna mtu, mama. Karibu. Ila usisogee, kuna skrubu imenitoroka."

"Imetoroka mpaka chini ya kiatu changu." Kiatu kimoja kiliinuka kwa uangalifu. "Hii hapa. Mchukue mfungwa wako."

Afande alitoka chini ya meza akijikung'uta magoti. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi na mkanda mwekundu kiunoni. Alikuwa amekumbatia mfuko wa kitambaa kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Afande hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wanayekuita Afande? Nilitegemea mtu mwenye mvi."

"Zinakuja, mama. Kazi hii inazileta haraka."

Jina hilo lilikuwa la mtaani. Kabla ya kufungua kibanda chake kati ya kinyozi na fundi cherehani, alifanya kazi katika maabara ya polisi, akichunguza kompyuta za washukiwa. Maabara aliiacha, lakini maswali alikuja nayo. Fundi cherehani aliwaonya wateja: "Ukimpelekea simu huyo, kwanza utahojiwa wewe, ndipo ihojiwe simu."

Mwanamke aliuweka mfuko mezani, akatoa kompyuta ndogo ya kijivu, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi ni matroni wa zahanati iliyo nyuma ya soko," alisema. "Nataka unijibu swali moja tu. Nani ameua sauti ya mume wangu?"

Afande alivuta kigoda. "Kaa, mama. Anza mwanzo."

Mwanzo wenyewe haukuwa mrefu. Mume wa matroni alifanyiwa operesheni ya koo, akatoka salama, lakini sauti ikabaki hospitalini. Tangu hapo alizungumza kwa kompyuta hiyo. Alikuwa akichapa maneno, nayo ikiyasema. Mambo yalikwenda vizuri mpaka pale mchumba wa binti yao, mwalimu wa hesabu, alipoiwekea toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha. Tangu siku hiyo, kila alfajiri ilikutwa imekufa.

"Tunailaza ikiwa imejaa," alisema matroni, "tunaiamsha ikiwa maiti. Mpaka ichajiwe na kuwaka, mimi nimeshatoka kwenda kazini. Na asubuhi ndiyo saa yetu. Tunakunywa chai, ananichekesha, ananipa umbea wa dirishani. Sasa tunakunywa chai kama watu waliogombana."

"Usiku inakuwa kwenye umeme?"

"Thubutu! Naichomoa mimi mwenyewe kabla ya kulala. Kwangu hakichajiwi kitu watu wakiwa wamelala. Nimewafunga bandeji watu wengi walioungua kwa chaja, Afande."

"Hata kabla ya hilo toleo jipya ulikuwa ukichomoa?"

"Tangu tulipooana nachomoa hata pasi ambayo haijawashwa."

"Na ilikuwa ikifika asubuhi?"

"Ikiwa hai kabisa. Inaniambia, 'Umeamka vipi, Matroni?' Kwa ile sauti yake ya bati."

Aliyasema hayo akitazama ukuta. Kisha akarudisha uso wa kazi.

"Nikueleze wazi. Ukiniambia ni ubovu wa mashine, nitaisamehe mashine. Ukiniambia ni huyo bwana mdogo, hatakanyaga kwangu tena. Mtu asiyejali kitu kama hiki atamjali binti yangu? Atalia, nitamfuta machozi, yataisha." Alisimama. "Na jambo jingine. Zahanati inatafuta mtu wa kutunza mashine zake. Ombi lako nimeliona. Anayepitisha majina ni mimi. Sitakupendelea, lakini ukiifanya hii vizuri nitajua ulivyo."

Afande aliitikia kwa kichwa. Kazi ya zahanati ndiyo aliyokuwa akiiombea dua. Kazi ya kudumu, yenye chumba chenye dirisha, si kibanda ambacho mvua ikinyesha lazima mashine zihamishwe upande wa kinyozi.

Alianza na betri, kwa sababu betri ndiyo mshukiwa wa kwanza katika kila kifo cha aina hii. Aliichaji mpaka ikajaa, akaipima. Ilikuwa na afya ya kuonewa wivu. Akaiachilia.

Chaja nayo haikuwa na kosa. Sehemu ya kuchomeka haikulegea. Vitufe vilikuwa safi isipokuwa kimoja, F8, kilichokuwa na tone dogo la gundi lililokauka juu yake. Alilipitishia kidole, akaona halimzuii mtu kuchapa, akaendelea.

Kisha akafika kwenye usingizi.

Kompyuta ya mapajani ina namna mbili za kulala. Upo usingizi wa pono, ambapo karibu kila kitu ndani yake huzima na betri haiguswi. Na upo usingizi wa mang'amung'amu. Skrini imezima, lakini ndani mashine inafumbua jicho kila mara, inaangalia mtandao, inaangalia saa, inakunywa umeme kidogo kidogo. Afande alifungua dirisha jeusi la amri, akauliza mashine inalalaje. Jibu lilikuja mara moja. Toleo jipya lilikuwa limeihamisha kutoka kwenye pono na kuiweka kwenye mang'amung'amu.

"Nimekupata," alisema.

Akairudisha kwenye usingizi wa pono. Akafunga kifuniko, akaiacha mchana kutwa chini ya kaunta. Alipoifungua, chaji ilikuwa palepale ilipokuwa. Jioni matroni alipita, akaelezwa habari za pono na mang'amung'amu, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo ilikuwa inalala kama mgonjwa wa wodi namba moja. Anakoroma, ukimwondolea mto tu anauliza mto wake uko wapi."

"Sasa itazima kabisa, mama. Kesho asubuhi kunyweni chai yenu."

Kesho yake asubuhi viatu vyeupe vilikuwa mlangoni kabla kinyozi hajatoa kiti chake nje. Matroni hakusalimia. Aliiweka kompyuta mezani kwa mikono miwili.

"Afande. Maiti."

Chini ya macho yake palikuwa na uvimbe wa mtu asiyelala. Afande alivuta waya wa chaja. Aliiunganisha mashine na umeme, akaiwasha, na safari hii akafanya lile alilopaswa kulifanya jana. Alisoma kumbukumbu za usiku, mstari kwa mstari. Mashine zote za aina hii huandika zinachokifanya, hata kama hakuna anayesoma.

Alipanda, akashuka, akapanda tena. Usingizi wa pono ulikuwa umewekwa sawasawa, kama alivyouacha. Hakuna aliyeugusa. Lakini hapakuwa na mstari hata mmoja wa mashine kuanza kulala. Ilifanya kazi usiku kucha, kisha mistari ikakatika ghafla, alfajiri, umeme ulipokwisha.

Haikulala vibaya. Haikulala kabisa.

"Mama, ukisema mnailaza, huwa mnafanya nini hasa?"

"Si ile skrini inakuwa nyeusi? Mzee anaizima skrini, anaiweka kwenye stuli upande wake, mimi nachomoa chaja. Tunalala."

"Kifuniko mnakifunga?"

"Hapana. Kwani lazima?"

Afande alijigonga paji la uso kwa kalamu. Shahidi alikuwa amesema ukweli wake wote. Aliona skrini nyeusi akaita usingizi, na yeye mpelelezi akalipokea neno hilo bila kuuliza. Akarudi kwenye kumbukumbu. Kila usiku, karibu na muda wa kulala, palikuwa na amri fupi iliyochapwa kwa mkono, ikiikataza mashine isilale kwa hali yoyote. Amri hiyo haikuletwa na toleo jipya. Ilikuwepo usiku mwingi kabla yake.

Kuna mtu alikuwa akiikesheza mashine kwa makusudi.

"Nahitaji kufika mahali pa tukio," alisema.

"Nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, mama. Na huyo mwalimu awepo."

Matroni alitazama saa iliyobanwa kifuani mwake. "Mimi nina zamu. Shule zimefungwa, atakuwepo. Nitamwambia binti ampigie. Usimwonee huruma kwa sababu ana macho ya upole. Hata mbuzi anayo."

Nyumba ilikuwa ndogo, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Sebuleni, nyaya zote zilikuwa zimechomolewa na kukunjwa, televisheni, redio, hata taa ya mezani. Mwalimu alimfungulia mlango, akaipokea kompyuta na kumpelekea mzee chumbani. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, na alikaa kwenye ukingo wa kochi kana kwamba kochi lote si haki yake.

"Kwa nini uliweka toleo jipya?"

"Baba aliniomba. La zamani lilikuwa limeacha kupata marekebisho ya usalama. Tuliifanya pamoja, hapa, yeye akisoma, mimi nikichapa."

"Iliwahi kukataa kitu? Iliuliza maswali?"

"Iliuliza mengi. Kila ilipouliza kama ibakishe mipangilio ya zamani, baba alisema ibakishe. Nami niliona ni busara. Ukihamia nyumba mpya huachi vyombo."

"Baada ya hapo uliona nini?"

"Feni." Alisogea mbele. "Feni ilianza kuvuma hata kama haifanyi kazi yoyote. Nilimwambia mama, akaniambia nisiiguse tena. Sikuigusa."

"Usiku unakuwa wapi?"

Kijana alimtazama kama aliyeulizwa kama anaruka angani. "Kwetu, Afande! Huyu mama umemwona? Taarifa ya habari ikianza tu, ananiuliza kama nyumbani kwetu hawana redio."

Afande alijizuia asicheke. Amri ilichapwa muda wa kulala, ndani ya chumba cha kulala. Mwalimu hakuwepo.

"Afande," alisema kijana kwa sauti ya chini, "kama ni mimi niliyeharibu, sema ni mimi. Sitajitetea. Ila itengenezwe kwanza. Baba akikaa asubuhi bila kusema, hata mimi nikija nashindwa kuongea."

"Na mchumba wako anasemaje?"

"Anasema mama yake ni mlango mzito, lakini una bawaba." Aliona aibu baada ya kusema. "Tafadhali usimwambie mama."

"Nenda kaniletee maji ya kunywa," alisema Afande. "Usiharakishe."

Mzee alikuwa chumbani, karibu na dirisha, skafu nyepesi shingoni, kompyuta mapajani ikiwa imeunganishwa na umeme. Zamani alikuwa opereta wa simu, wa enzi za kuunganisha watu kwa waya na matundu. Vidole vyake viliruka juu ya vitufe kabla Afande hajamaliza shikamoo, na sauti ya bati ikasema:

"Marahaba. Nambari unayoipigia inapatikana kwa sasa."

Afande alicheka, na mzee akacheka pia, bila sauti, mabega yakitikisika.

"Baba, nina maswali mawili."

"Uliza. Mstari ni wako."

"Kila usiku kuna mtu anaikataza mashine hii isilale. Mwalimu huwa ameshafukuzwa. Mama hajui hata dirisha la amri linafunguliwa wapi. Binti?"

"Binti hujifungia chumbani na simu yake. Huku hafiki."

"Basi tumebaki wawili, baba, na mimi silali hapa."

Mzee alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayesubiri pingu. Kisha akairudisha kwenye vitufe. "Nakiri. Swali la pili?"

Afande hakuuliza. Alinyoosha kidole akakibonyeza kitufe chenye tone la gundi. Tone lilikuwa pale ili kidole kikipate gizani bila macho.

"Nipo," ilisema mashine.

Mzee aliifunika kompyuta kwa kiganja, kama mtu aliyefumwa akisoma barua ya mapenzi. Jikoni maji yalisikika yakimiminwa taratibu sana. Hatimaye akapunguza sauti ya mashine na kuanza kuchapa, na safari hii vidole havikuruka.

"Mke wangu huniuliza usiku. Akiwa usingizini. Anasema, upo? Ilianza niliporudi kutoka hospitalini. Hajui kwamba anauliza. Asubuhi hakumbuki kitu."

"Ukimgusa mkono?"

"Anashtuka. Anaamka akitafuta mapigo yangu ya moyo kama niko kitandani kwao zahanati. Nilijaribu mara nyingi. Sauti tu ndiyo inayomtuliza. Akisikia nipo, anageuka upande wa pili, analala."

"Hata kwa sauti ya bati?"

"Hata kwa sauti ya bati, mwanangu. Nami nilishangaa."

"Na ikizima?"

"Anauliza mpaka kunakucha. Mimi nipo hapa kando yake, na siwezi kumwambia. Asubuhi macho mekundu, anasema ni vumbi."

Afande alivuta kigoda kilichokuwa kando ya kabati akakaa. "Kwa nini usimwambie, baba? Yeye ni muuguzi. Ataelewa. Angekuachia chaja."

Mzee alifikiri. Vidole vilianza, vikasita, vikaanza upya.

"Zahanati nzima inamwegemea. Nyumba hii inamwegemea. Akijua kwamba anaogopa, atajikaza mpaka usingizini, unamwona alivyo. Mwache awe na mahali pamoja pa kuogopa." Akaongeza: "Usimwambie. Naomba uniahidi."

"Nakuahidi."

"Hata akikubana? Anajua kubana. Madaktari wanamkimbia."

"Hata akinibana, baba."

Mwalimu alirudi na glasi ya maji iliyojaa pomoni, na kazi ikaanza upya, kwa sababu kitendawili kilikuwa bado. Mzee alikuwa akiikesheza mashine hata kabla ya toleo jipya, bila chaja, na ilikuwa ikifika asubuhi. Kukesha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kukesha kwa gharama kubwa.

"Feni," alisema Afande. "Mwalimu, umesema feni. Baba, ulipopewa mashine hii mara ya kwanza, uliiwekea kitu cha kutunza umeme?"

"Niliiweka mwenyewe," ilisema mashine, kwa fahari kidogo. "Ilikuwa inabana matumizi kama mimi."

Afande akatafuta, akakiona. Msimamizi wa zamani wa umeme, yaani programu ya kubana matumizi, alikuwepo, kwa kuwa kila kitu cha zamani kilibakishwa. Na pembeni yake alikuwepo msimamizi mwingine, mpya, aliyeingia na toleo jipya bila kubisha hodi. Wa zamani akishusha kasi ya prosesa, ubongo wa mashine, mpya anaipandisha. Mpya akipunguza hiki, wa zamani anakirudisha. Usiku kucha walikuwa wakinyang'anyana swichi moja, na betri ikilipia ugomvi.

Mwalimu aliinama kuangalia. "Kwa hiyo... si mimi?"

"Wewe na baba mlikuwa waungwana mno. Mlimkaribisha mgeni na hamkumuaga mwenyeji."

Akamwondoa wa zamani. Mzee alimwangalia akienda kama anayemsindikiza mfanyakazi mwenzake aliyestaafu. Yule mpya akapewa maagizo. Chaja ikichomolewa, prosesa itembee polepole. Usiku mtandao uzimwe, skrini iwe nyeusi kabisa, programu zinazopekua mafaili zingoje mchana. Ibaki macho, lakini kwa pumzi ndogo. Wakachomoa chaja, wakapima inavyokula umeme. Mwalimu alichukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akarudia, akainua uso uliong'aa.

"Itafika asubuhi. Itafika na kubaki. Hata mama akichelewa na chai."

Hakuuliza kwa nini mashine ilazimike kukesha. Labda alidhani ndivyo zilivyo. Wakaiacha iendelee bila chaja mchana wote, na kila mara mmoja wao aliisogelea na kutega sikio. Feni ilikuwa kimya.

Matroni alirudi jua likielekea kuzama. Alivua viatu mlangoni, akavipanga, ndipo akaingia. Aliwatazama watatu wale kwa zamu.

"Haya. Nani?"

"Mwalimu hana hatia, mama," alisema Afande. "Toleo jipya lilikuja na msimamizi wake wa umeme, na wa zamani alikuwa bado yumo. Wawili hao wakawa wanagombana, betri inaisha. Kijana ndiye aliyesikia feni ikivuma. Alikwambia. Kama angesikilizwa, tungeshamaliza."

Matroni alimgeukia kijana. Kijana alikuwa akisoma sakafu.

"Uliniambia habari za feni?"

"Nilisema, mama. Labda nilisema polepole."

"Siku nyingine sema kwa sauti. Una mdomo, utumie. Umekula?"

"Bado, mama."

"Utakula hapa."

Kijana alikaa kwenye kochi kwa ukamilifu, mgongo na yote. Lakini matroni alikuwa amesharudi kwa Afande.

"Jana ulinipa somo zima la pono. Ulisema itazima kabisa. Kisha ikafa. Ilikuwaje?"

Jibu lilikuwa fupi, nalo lingemsafisha. Kazi ya jana ilikuwa sahihi. Mashine ilikatazwa kulala na mtu wa nyumba hii. Maneno hayo tu. Kando ya dirisha vidole vya mzee viliinuka juu ya vitufe, tayari kuyasema yeye mwenyewe. Afande aliwahi.

"Jana niliifanya kazi nusu, mama. Niliona kosa la kwanza nikaacha kutafuta. Sikuuliza vizuri mashine inatumikaje usiku. Hilo ni langu."

"Nusu."

"Ndiyo, mama."

"Zahanati, nusu ni mtu kupewa dawa ya mwenzake." Hakuisema kwa ukali. "Siwezi kulipitisha jina lako."

"Naelewa."

Mashine ilianza kusema, "Mke wangu, ngoja," lakini matroni aliinua kiganja. "Mzee, usimtetee. Kila fundi anayekuja hapa unamfanya mtoto wako." Mzee alimtazama Afande. Afande alitikisa kichwa kidogo sana, akaanza kukusanya bisibisi zake.

Matroni alimsindikiza mpaka langoni, bila viatu. Hapo akasimama, mkono juu ya komeo, asilifungue.

"Nimekaa na wagonjwa maisha yangu yote," alisema. "Namjua mtu anayekwambia hapaumi wakati panauma. Kuna kitu umekiona chumbani kwangu."

Afande alihamishia mfuko wa vifaa mkono wa pili.

"Je, mume wangu anaumwa?"

"Hapana, mama. Haumwi. Hilo nakuapia. Ana furaha kuliko watu wengi ninaowajua."

Pumzi iliyotoka kwa matroni ilikuwa ndefu. "Basi ni nini? Niambie. Huenda si nusu yako kama unavyodai, na mimi sipendi kumhukumu mtu kwa faili lisilokamilika. Niambie yote, na kesho asubuhi nakwenda kuzungumza na daktari wa zahanati. Keshokutwa unaanza kazi."

Barabarani baiskeli ilipita ikipiga kengele. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na ndani mwalimu alisikika akimsomea mzee ile hesabu ya bahasha, na sauti ya bati ikimwambia kwamba amesahau kubeba moja. Matroni alisikiliza, uso wake ukalegea, kisha akayarudisha macho kwa mgeni wake na kungoja. Alijua kungoja. Ni kweli alijua kubana.

"Mama," alisema Afande, "yaliyo yangu ya kusema nimeyasema yote."

Matroni alimkazia macho, akatafuta, hakupata. Polepole akaliinua komeo.

"Utakuwa umeikosa kazi hiyo, mwanangu. Unajua?"

"Najua, mama. Usiku mwema."

Lango lilifungwa nyuma yake bila kubamizwa. Afande aliutundika mfuko wa vifaa begani, akaelekea upande wa soko, akitembea haraka kuliko kawaida yake, asije akageuka.